Tuondoleane Muhali

Mhadhara kwa wasimamizi na watu wa kujitolea wa vikundi vya hisani, Unguja



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie ulinzi wa watoto na wa watu wazima wasioweza kujitetea ndani ya vikundi vya hisani. Jina refu kidogo. Nilipomsomea mke wangu, aliacha kuchambua mchele akaniuliza: "Kwani hata wanaogawa futari ni watu wa kuchungwa?" Nimekuja na swali lake, na jibu langu ni ndiyo. Muda uliobaki nitaeleza kwa nini, na namna ya kuchungana bila kuvunjiana heshima.

Nianze na neno muhali. Asili yake Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni jambo lisilowezekana. Sisi tulipolipokea tukalipa maana ya pili: ile haya inayomshika mtu akashindwa kumkatalia au kumkabili mwenzake kwa sababu ya ujamaa, ujirani au fadhila. Mtu amekuja kukukopa, unajua deni la mwaka jana hajalipa, lakini mlisoma chuo kimoja, unamwonea muhali, unampa. Muhali ndio unaoufanya mtaa ukalike. Asiye nao tunamwita hana haya, na harusini kwake watu huenda wachache. Sikuja hapa kuutukana.

Lakini nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka nimestaafu, na karibu kila kisa cha udhalilishaji nilichokifuata hadi mwanzo wake, nilimkuta mtu aliyekwisha kuona kitu akaona muhali kusema. Mara nyingine walikuwa watatu, wanne, kila mmoja na kipande chake, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake naye anacho. Hapo neno hurudi kwenye maana yake ya asili. Kusema kunakuwa muhali kweli, hakuwezekani.

Na mimi nimo miongoni mwao. Miaka mingi nyuma nilikuwa nikisaidia tuisheni ya jioni katika kikundi kimoja cha mtaani ambacho sitakitaja. Mikeka, ubao mmoja, na karabai ya kuwasha umeme ukikatika. Tulikuwa na kijana wa kujitolea, hodari wa hesabu, mcheshi, wazazi wote wakimpenda. Alikuwa na vespa ya kijani. Watoto walirudi makwao kwa miguu, makundi makundi, isipokuwa mmoja, mtoto wa kiume wa miaka 10 au 11, ambaye alikuwa akipakiwa. Mara ya kwanza nilijiambia labda anaumwa mguu. Mara ya pili nikasema labda wanakaa njia moja. Mara ya tatu niliitazama ile vespa mpaka mwisho wa uwanja, nikaiona inakata kushoto kwenye minazi, na kwao yule mtoto ni kulia.

Nilikuwa nimesimama na chaki mkononi. Mama wa yule kijana alikuwa jirani yetu. Mama yangu alipofariki, ndiye aliyesimamia jiko siku zote tatu za msiba, hakulala. Nikaona muhali. Nikageuka nikafuta ubao.

Baada ya wiki mbili tatu mtoto hakuja tena. Niliambiwa kahamia shamba kwa bibi yake. Huenda ni kweli. Huenda vespa ilipitia dukani. Mpaka leo sijui, na sijui kwa sababu sikuuliza. Kuuliza kungenigharimu maneno manne: "Kijana, jana mlipitia wapi?"

Nimekifikiria kisa kile kuliko kingine chochote, na nilichokipata ni hiki. Tatizo langu halikuwa kutojua. Jicho liliona, na moyo uliniambia. Nilichokosa ni njia ya kusema ambayo isingenifanya niwe mtu niliyemtuhumu mtoto wa Bi. Fulani. Lau kikundi kile kingekuwa na kanuni moja ndogo, kwamba hapana mtoto atakayepakiwa na mtu mmoja peke yake, nisingehitaji ushujaa wowote. Ningesema: "Wewe, kanuni hiyo," kwa kicheko, naye angemshusha mtoto, na mama yake na mama yangu wasingeingia kwenye mazungumzo. Kanuni humbebea mtu lawama. Aliyeniudhi ni karatasi ya ukutani, si wewe. Ndiyo maana nasema kanuni za ulinzi hazikuletwa kuua muhali. Zimeletwa kutuondolea muhali pale ambapo unaweza kumgharimu mtoto.

Mzee mmoja, namheshimu sana, aliniambia: "Mnataka tuwe kama Wazungu, kila mtu mshukiwa." Nilimuuliza kama marehemu baba yake angemruhusu dada yake akakae chumbani na mwanamume asiye maharimu, mlango umefungwa, hata kama mwanamume huyo ni mwalimu na anakwenda kumfundisha juzuu. Akatikisa kichwa. Basi, nikamwambia, katazo la khalwa umelikuta kwenu, na hapana aliyedhani kwamba baba yako anamtukana mwalimu. Lilikuwa linamhusu kila mtu, mwema na asiyekuwa mwema, kwa hiyo halikumuumiza yeyote.

Ila desturi yetu hiyo ilikuwa na tundu. Ilimchunga mtoto wa kike, wa kiume ikamwacha. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na Zanzibar ilihesabiwa peke yake. Vijana waliohojiwa waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Bara, wasichana karibu 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono, na wavulana 1 kati ya 7. Kwetu hesabu zilikuwa ndogo zaidi, lakini ziligeuka juu chini: wasichana takriban asilimia 6, wavulana takriban asilimia 9. Ripoti ilipotoka mwaka 2011 wapo waliosema lazima kuna kosa la uchapaji. Mimi niliyewahi kufuta ubao sikushangaa sana. Na ukizingatia haya inayomkaba mtoto wa kiume kulieleza jambo kama hilo, sidhani kama hesabu ile ilizidisha.

Sasa nirudi kwenye swali la mke wangu, kwa nini wagawa futari. Kwa sababu hisani ni ufunguo. Mtu anayeleta mchele hapigi hodi mara ya pili. Anaingia mpaka uani, anajua bibi analala chumba gani, anajua mama yupo kazini mpaka saa ngapi. Aliyepewa naye ana muhali mkubwa kuliko wetu sote, maana anaogopa akilalamika kibaba kitakatika.

Waulizeni wenzetu wa Beni na Butembo, mashariki ya Kongo, wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Kati ya 2018 na 2020 walivamiwa na Ebola, na watu wa misaada wakamiminika. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, ikiongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, Mkongomani mwenyewe, ilitoa ripoti yake. Watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo hilo. Wanawake walieleza jinsi walivyoahidiwa kazi kwa masharti ya kutoa miili yao. Na kazi zenyewe zilikuwa za kupika, za kufagia, za kupita nyumba hadi nyumba kutoa elimu ya afya. Waliokuja kuzima moto ndio waliowaunguza.

Au twende karibu zaidi, Boito katika kaunti ya Bomet, Kenya. Mwaka 2008 mmishonari wa Kimarekani, Gregory Dow, alifungua makao ya watoto. Walimwita baba. Mwaka 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 15 na miezi 8 kwa kuwadhalilisha wasichana aliokuwa akiwalea. Na huyu kwao, katika jimbo la Iowa, alikwisha kutiwa hatiani kwa jambo la namna hiyo tangu 1996. Miaka 12 kabla ya makao kufunguliwa! Angeulizwa na mtu mmoja tu: "Ulikotoka ulikuwa unafanya nini, na nani anakujua?" Lakini mgeni amekuja na mabati, amekuja na magodoro, utamuulizaje? Muhali.

Kwa hiyo swali hilo na liwe la kila mtu, mgeni na mwenyeji. Anayetaka kujitolea ataje watu wawili wasio ndugu zake, na katibu awapigie simu kweli. Nimeona fomu nyingi zenye majina mawili safi kabisa ambayo hapana aliyewahi kuyapigia. Na ukipiga, usiulize kama ni mtu mzuri. Kila mtu atasema ni mtu mzuri. Uliza: "Ungemwachia mwanao?" Kisha usikilize kile kimya kabla ya jibu. Miezi mitatu ya kwanza asiwe peke yake na mtoto wala na mgonjwa. Kusema kweli hata baada ya hapo asiwe peke yake, lakini miezi mitatu ya kwanza tutazame kwa macho manne.

Kuna mengine ya kawaida ambayo nitayapita haraka kwa sababu mnayajua: simu kwa mtoto zipite kwa mzazi, picha za watoto wakipokea msaada zisizagae kwenye makundi ya WhatsApp, zawadi zitolewe mbele ya watu na zisiwe za mtoto mmoja. Pipi ya faragha si pipi.

Nitakapokaa kidogo ni siku ambayo mtoto anasema.

Msitegemee atakuja akae kitako aeleze. Atasema kitu cha pembeni. "Sitaki kukaa safu ya mbele." "Leo mwalimu yule yupo?" Au hatasema, ataanza kujikojolea akiwa na miaka 9. Ukimwona, kaa chini usawa wake, msikilize, usishituke usoni. Usimwahidi kwamba ni siri, maana hutaweza kuitimiza na ataona umemsaliti. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kusaidia." Usimhoji. Hili watu wema wengi hulikosea. Wanamuuliza: "Alikugusa hapa? Na hapa je?" na kesho mahakamani wakili anauliza nani aliyemtia mtoto maneno mdomoni. Swali lako ni moja tu, "Ilikuwaje?", kisha ufunge mdomo.

Halafu daftari. Kila kikundi kiwe na daftari gumu, lenye kurasa zilizotiwa namba, likae kwa mtu mmoja aliyechaguliwa na anayejulikana na wote, mtoto na mpishi pamoja. Nitawaonyesha maandishi ya namna mbili. La kwanza: "Mtoto amedhalilishwa na mwalimu." La pili: "Jumatano, saa 10 na dakika 20 jioni, barazani. Mtoto kasema: 'Ananiita chumba cha nyuma tukimaliza.' Nilimuuliza ilikuwaje. Kasema: 'Basi tu.' Akalia. Sikuuliza zaidi. Nimempigia mwenye dhamana saa 10 na nusu." La kwanza ni hukumu ya mtu asiye hakimu. La pili lina maneno ya mtoto mwenyewe, lina saa, na linajua lilikoishia. Hilo ndilo litakalomsaidia.

Ikiwa jambo limetokea karibuni, asioshwe, hata kama mama anaona uchafu. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, na safari iwe ya kituo cha Mkono kwa Mkono. Vituo hivi vilianzia Mnazi Mmoja mwaka 2011 kwa shabaha ya kumkutanisha mtoto na daktari, polisi na ofisa ustawi mahali pamoja, asiisimulie aibu yake milango minne. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zina maana zikianzwa ndani ya saa 72. Hesabuni: jambo la Ijumaa usiku, mkikaa kikao cha wazee Jumapili na kingine Jumanne, mmeshachelewa. Aliye mbali apige 116, haina malipo.

Vikao hivyo vya kumaliza ndivyo vinavyonitia hasira, na mtanisamehe sauti yangu ikipanda. Watu watano wazima wanakaa ukumbini, kahawa inapita, wanakubaliana yaishe. Familia moja inatoa pesa, au binti anaozwa kwa yule yule. Mtoto mwenyewe yuko uani, hajaitwa. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na haimpi baba, mjomba wala mwenyekiti wa kikundi mamlaka ya kusamehe kwa niaba yake. Sheha ukialikwa kikao cha namna hiyo, kazi yako ni kusimama na kuondoka ukielekea polisi.

Watu wazima. Hapa mambo ni magumu zaidi, na mihadhara mingi hupita mbio kwa sababu hiyo.

Pensheni Jamii ilipoanza Aprili 2016, kila mzee wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70 akawa anapata shilingi 20,000 kwa mwezi. Jambo jema sana. Lakini pesa ikiingia nyumbani, inaingia na macho. Kuna bibi mmoja niliyekuwa nikimtembelea. Haoni vizuri, miguu imevimba, mjukuu wake ndiye akimchukulia pesa. Kila nikienda chungu hakina kitu. Nikaanza kupanga maneno ya kupeleka kwa sheha. Bibi alisikia pumzi zangu tu akajua. Akanishika mkono: "Mwanangu, usimseme mjukuu wangu. Ndiye anayenifungulia mlango usiku nikitaka kutoka."

Angekuwa mtoto, ningeripoti jioni ile ile. Lakini bibi ana akili yake timamu, ameendesha maisha miaka zaidi ya 70, na mimi ni nani nimvunjie nyumba kwa jina la kumlinda? Mtu mzima ana haki ya kuamua, hata uamuzi ambao wewe ungeufanya vingine. Tofauti hii na mtoto lazima muishike, la sivyo ulinzi wenyewe unageuka udhalilishaji. Nilichofanya ni kungoja mpaka mjukuu ametoka, nikamuuliza: "Bibi, wewe mwenyewe ungependa iweje?" Hakutaka mjukuu afungwe, hakutaka hata asemwe. Alitaka apelekwe kituoni mwenyewe, apokee pesa kwa mkono wake, azihesabu, kisha ampe mjukuu chake. Basi. Alichohitaji ilikuwa gari siku moja kwa mwezi. Kikundi kikampatia. Mjukuu alinuna miezi miwili, akazoea.

Yapo ambayo huwezi kumwachia aamue: anapigwa, anafungwa kamba, akili imeshaondoka hatambui siku, au kuna hatari kwa mwingine nyumbani. Hapo unasema hata akikukataza, na unamwambia kwamba utasema. Ila umwulize kwanza, na umwulize peke yake. Kiziwi asiulizwe kwa kupitia kaka yake ikiwa kaka huyo ndiye anayehofiwa, tafuta mkalimani. Na sisi wa kujitolea, tusijue kamwe namba ya siri ya simu ya mzee. Atakulazimisha, "chukua mwanangu, nitolee wewe." Mwambie kanuni inakukataza. Mnaona tena faida yake? Humjibu kwamba humuamini. Unamjibu karatasi.

Nimeulizwa pia kuhusu uongo: je, mtu mwema akisingiziwa? Hutokea, ingawa mara chache kuliko tunavyopenda kuamini. Mtu akitajwa, asimame kazi na watoto mpaka jambo liishe, jina lake lisitajwe barazani, na asihukumiwe na kikundi. Na niseme kwa vijana mliokaa nyuma kule: mwalimu ambaye hajawahi kuwa peke yake na mtoto ana mashahidi kila siku ya maisha yake.

Mnaofahamu kituo tulichokaa hiki mnajua kuna chumba cha nyuma, kile cha kuwekea mikeka na mipira, mlango wa mbao mzima na komeo kwa ndani. Wiki iliyopita niliwaomba wenyeji wangu ruhusa. Fundi amekuja, komeo limeng'olewa, na mlango umekatwa ukatiwa kioo kuanzia kifuani kwenda juu. Mkitoka piteni mkautazame.